Binti akirudi na alama za kipigo, usimwambie "vumilia"

Msimu wa kahawa wilayani Mbinga huleta furaha. Malipo yakitoka, ada hulipwa, mabati hununuliwa na madeni ya dukani hufutwa. Lakini katika baadhi ya nyumba, huo ndio msimu wa ugomvi. Mke aliyechuma, akamenya na kuanika kahawa haambiwi fedha zimeingia lini wala zimekwenda wapi. Akiuliza, anapigwa.

Ukishuka milima hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, ugomvi wa namna hiyo unaweza kuanzia kwenye fedha za dagaa.

Mara nyingi mwanamke aliyepigwa hakimbilii polisi kwanza. Anakwenda kwa mama yake, kwa shangazi au kwa mshenga. Jibu atakalopewa hapo ndilo huamua kama atapata msaada au atarudi kwenye kipigo. Akiambiwa "ndoa ni uvumilivu", huenda asiseme tena.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15. Kipigo ni sura moja tu ya ukatili. Vitisho, matusi ya kila siku, kulazimishwa tendo la ndoa na kunyang'anywa kipato ni ukatili pia. Wapo na wanaume wanaofanyiwa hayo, wakanyamaza kwa aibu.

Sheria inasemaje

Wapo wanaoamini kuwa mila inamruhusu mume "kumrudi" mkewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenza wake adhabu ya viboko, hata kama mila inasema vinginevyo.

Wengine huvumilia kwa kuogopa kutoka mikono mitupu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Aliyelima shamba la kahawa ana hoja nzito zaidi.

Mzazi afanye nini

Msikilize bila kumuuliza alikosea nini. Usimwite mkwe siku hiyo hiyo kwa kikao cha kusuluhisha, kwani hasira inaweza kumrudia binti wakiwa peke yao.

Akiwa ameumia, apelekwe hospitali. Polisi hutoa fomu ya PF3, ambayo huhifadhi ushahidi wa majeraha, lakini aliye katika hatari ya kufa atibiwe kwanza. Aliyebakwa awahi ndani ya saa 72, apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU.

Malalamiko hupokelewa na Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri husaidia kupata mahali salama na ushauri. Kwa dharura piga 112. Kwa ukatili dhidi ya mtoto piga 116, ni bure. Asiye na fedha za wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kama bado hajawa tayari kuondoka, asilazimishwe. Wakati wa kuondoka ndio mara nyingi huwa wa hatari zaidi. Mpangeni mapema: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, namba ya NIDA, nauli, na jirani mmoja atakayejua ishara ya kuomba msaada.

Usisahau wajukuu. Mtoto anayeona mama akipigwa huumia hata kama hajaguswa. Wengine huanza kukojoa kitandani, wengine hushuka darasani.

Wazazi wengine husita kwa sababu mahari imeshaliwa. Mahari inaweza kurudishwa. Uhai haurudi.