Chavua ya mungazi: kwa nini mbegu nzuri haiokotwi chini ya mti



Kila tunapotembelea mashamba ya mingazi, upande wa Beni, Mambasa ao Fizi, ulizo moja inarudi: kwa nini tutoe franga kwa kununua mbegu, na chini ya mungazi wetu muzuri ngazi zinaanguka bure? Ni ulizo la haki. Jibu lake haliko ndani ya ile ngazi munayookota. Liko kwa baba yake, na huyo baba ni unga mwepesi wa njano unaotoka kwenye maua dume. Unga huo unaitwa chavua. Wengine wanasema poleni.

Tuanze na kisu. Kamata ngazi moja iliyoiva, uikate katikati. Kama ganda la ndani ni nene na nyama yenye mawese ni kidogo, hiyo ni dura. Ndiyo mingazi mingi ya vijiji vyetu. Kama ganda ni jembamba, na unaona duara ya nyuzi nyeusi kulizunguka, hiyo ni tenera. Nyama yake ni mingi, na mawese pia. Kuko aina ya tatu, pisifera, isiyo na ganda hata kidogo. Wengi wenu hamujaona ngazi yake, sababu mara nyingi mikungu yake inaoza mbele ya kuiva. Mutu akiwa na mungazi wa namna hiyo shambani anasema ni tasa, na siku moja anaukata apate malafu.

Kumbe ule mti tasa ndio baba tunayemutafuta. Mwaka wa 1941, Beirnaert na Vanderweyen, watafiti wa Yangambi katika inchi yetu, walionyesha kwamba tenera haisimami peke yake kama kabila. Ni mutoto wa dura na pisifera. Ukimupa mama dura chavua ya pisifera, watoto wote wanakuwa tenera. Mbele ya hapo watu walikuwa wanapanda mbegu za tenera wakifikiri watapata tenera tupu, na kila mara shamba lilitoka na muchanganyiko. Hata mungazi wenye sifa wa bustani ya Eala, karibu na Mbandaka, ule walioita Djongo, ulikuwa tenera. Mbegu zake zilipelekwa Yangambi, na haukuweza kuzaa watoto wanaofanana wote.

Sasa tuhesabu pamoja. Hektare moja, ukipanda kwa metre 9 kwa pembe tatu, inaingia mingazi 143. Ukiokota ngazi chini ya tenera iliyo katikati ya tenera zingine, karibu nusu ya watoto itakuwa tenera, robo dura, na robo pisifera. Ni kusema mingazi kama 36 haitakupa kitu, na ingine 36 itakupa ganda kuliko mawese. Kama tenera yako iko peke yake katikati ya dura za kijiji, utapata nusu tenera na nusu dura. Na ubaya ni huu: pepinieri haikuonyeshi. Miche yote inafanana. Unajua tu kisha miaka mitatu ao mine, wakati umekwisha lima, palilia, lipa wafanyakazi. Mungazi unakaa shambani miaka 25 na zaidi. Ule usiozaa utakula nafasi yake muda huo wote.

Basi, kwa nini wasiache tu upepo na vidudu vifanye kazi? Sababu vidudu havichagui. Munavijua, vile vidogo vyeusi vinavyojaa kwenye ua dume wakati linanukia. Vinatoka kwa mti wowote na kuingia kwa mti wowote. Ni wafanyakazi wa ajabu (Malaysia walikuja kuchukua vya Kameruni, na tangu 1981 vinawafanyia kazi iliyokuwa inafanywa kwa mikono), lakini kwa mutu anayetengeneza mbegu ni wezi.

Kuko tatizo lingine tena. Mungazi mumoja unatoa maua dume kwa kipindi, kisha maua ya kike kwa kipindi kingine. Siku mama dura yuko tayari, pisifera unayotaka inaweza kuwa haina hata ua dume moja. Na mama hangoji: ua lake linapokea kwa siku mbili, tatu hivi, kisha linageuka rangi na mambo yamekwisha. Kwa hiyo inafaa chavua iwekwe akiba, na ingoje yeye.

Kazi inaanza kwenye mti. Ua dume la pisifera linasafishwa na kufungwa ndani ya mufuko mugumu mbele lifunguke, kwa karibu juma moja ao zaidi, na pamba inakazwa kwenye shina lake ili hata kidudu kimoja kisipite. Likiisha kufunguka, linakatwa pamoja na mufuko, linatikiswa, na unga unachekechwa. Hapo ndipo wengi wanaharibu. Chavua mbichi iko na maji ndani yake, na ukiiacha hivi hivi kwenye joto la nyumba, nguvu yake inakwisha kwa siku chache. Kwanza inakaushwa polepole, kwa joto la digri 35 mpaka 40, si kwa jua kali. Kisha inafungwa ndani ya vichupa visivyopitisha hewa, na inaingia ndani ya frizeri, karibu digri 18 ao 20 chini ya sifuri. Ikikaa kavu na baridi hivyo, inaweza kupitisha mwaka ingali nzima.

Adui ni maji. Ukitoa kichupa kwenye baridi na kukifungua palepale, hewa ya inje inageuka matone juu ya unga, sawa vile chupa ya baridi inavyotoka jasho mezani. Unaacha kwanza kipate joto kikiwa kimefungwa. Na mbele ya kutumia, wanaweka kidogo ndani ya maji ya sukari na kuangalia kwa mikroskopi ni chembe ngapi zinatoa mukia. Chembe isiyotoa mukia imekufa, hata kama rangi yake ingali nzuri.

Si kila mumea unakubali jambo hili. Chavua ya muhindi haivumilii kukaushwa. Shambani inaishi masaa tu. Ndiyo maana wenye kutengeneza mbegu za mahindi wanapanda mistari ya baba na ya mama kwa tarehe mbalimbali, ili wakutane. Ya muhogo pia ni ya kutumia siku ileile. Hapo mungazi umetupendelea.

Siku ya kuozesha, chavua inachanganywa na talki nyingi, na inapulizwa kupitia tundu dogo la mufuko unaofunika ua la kike. Tundu linazibwa mara moja. Mukungu unaiva kisha miezi mitano ao sita, na unaweza kutoa mbegu zaidi ya 1000. Stesheni yenye nidhamu inapulizia maua mengine talki tupu, bila chavua: kama hayo yanazaa, mifuko inavuja, na mbegu zote za juma hilo ziko na mashaka.

Je, koperative ifanye kazi hii yenyewe? Sisi tunasema hapana. Inaomba pisifera iliyopimwa, na frizeri isiyozimika. Umeme ukipotea siku chache, akiba ya mwaka inaharibika. Nguvu yenu iko kwenye kununua pamoja na kuwa na pepinieri moja. Kwa hektare agizeni karibu mbegu 200 zilizokwisha kuota, sababu miche mibaya itatupwa. Muuzaji aulizwe: mama ni dura ya wapi, baba ni pisifera gani, kila mukungu uko na namba yake? Kama anajibu « ni tenera tu, iliokotwa kwa shamba zuri », musimulipe.

Na karatasi zake muzitunze. Mingazi ikianza kuzaa, kata ngazi moja ya kila mti na uandike ile iliyo na ganda nene. Zikiwa mingi, hesabu hiyo pamoja na namba za mikungu ndiyo mutaweka mbele ya muuzaji.