Bampa Halisi Husomwa kwa Nyuma

Mteja akiniletea bampa la Mark X, siangalii uso wake. Naligeuza. Bampa la mbele la Toyota lililotoka kiwandani huwa na namba inayoanza na 52119, na aghalabu alama ya plastiki yenyewe, mfano >PP<. La fiberglasi utalijua kwa nyuzi zake mgongoni. Ukilipapasa, mkono unawasha hadi jioni.

Usikimbilie rangi. Lifunge kwanza likiwa kavu. Klipu zikiingia bila kulazimishwa, na mwanya wa taa ukiwa sawa kulia na kushoto, livue. PP haishiki rangi hivi hivi: ioshe kwa sabuni, ipitishe msasa laini, kisha ipige praima ya plastiki. Mafundi wengi (sitaji mtu) huiruka hiyo praima, na rangi hubanduka kama ganda la kitunguu siku gari linapooshwa kwa mashine.

Namba ya rangi iko kwenye kibati cha gari, penye C/TR. Ukikuta 070, jiandae kulipa: hiyo ni nyeupe ya lulu, tabaka tatu, yaani msingi, lulu, klia. Lulu ikizidi mkono mmoja tu, bampa na boneti havifanani tena.