Ndovu Akilala Juani

Sogeeni karibu, wanangu. Mwaka 2005 ndovu wa Shimba Hills walikuwa wamezidi hifadhini, wakawa wanavamia mashamba ya Kwale na kula mahindi ya watu. Ndipo Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, likawahamisha ndovu 150 hadi Tsavo Mashariki. Lakini ndovu habembelezwi kupanda lori. Hulazwa.

Daktari hupanda helikopta na bunduki ya sindano. Ndani ya sindano mna etorfini, dawa ya ukoo wa afyuni. Dozi ya ndovu mzima ni kati ya miligramu 10 na 20, haifiki uzito wa punje ya mchele, na mnyama wa tani kadhaa huanguka.

Akishaanguka, hatari nyingine huanza. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, mlinzi wa joto la mwili. Ndovu hatokwi na jasho kama sisi. Akipata joto, ubongo humwamuru apepee masikio, aende kivulini, ajimwagie maji, agaegae matopeni. Yale masikio makubwa yana ngozi nyembamba na mishipa tele: upepo ukipita, damu hupoa na kurudi mwilini. Dawa humpumbaza yule mlinzi, na masikio hutulia tuli. Naye ndovu ametoka mbio, mwili unafukuta, jua la pwani liko juu yake. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 36. Likipanda mno, misuli na ubongo huharibika.

Basi watu huifanya kazi aliyoiacha mlinzi. Huyu anamwagia maji masikioni bila kukoma. Yule anamfunika jicho kwa sikio lake mwenyewe. Mwingine anatia kijiti kwenye ncha ya mkonga ili pumzi isizibe. Daktari anapima joto kwa kipimajoto kinachoingizwa nyuma, chini ya mkia. Mnacheka! Lakini huko ndiko joto la ndani linakopimika vizuri. Kazi ikiisha, hudungwa dawa ya kumwamsha, na dakika chache baadaye amesimama.

Lakini si kila mnyama aliyelazwa hupata joto. Twendeni sasa Diani. Mbega aliyenaswa na umeme au kugongwa na gari hutibiwa na Colobus Conservation, shirika lililoanza mwaka 1997. Mbega ana kilo kumi hivi tu. Akilazwa kwa dawa mezani, chumbani mwenye kivuli, joto lake hushuka, kwa sababu mwili mdogo hupoa upesi na misuli iliyolegea haiwezi kutetemeka. Yeye hahitaji maji, anahitaji blanketi. Ndiyo maana hata mtu anayepasuliwa hospitalini hufunikwa vizuri.

Nanyi mkimkuta mbega ameumia kando ya barabara ya Diani, msimguse wala msimmwagie maji. Mwiteni mtu mzima apige simu, waje wanaojua kumlaza na kumwamsha.