Kuruta wa Moshi na Mamlaka Tunayompa

Kijana wa Kitanzania aliyemaliza shule hupimwa kimo na afya, akaulizwa kama ameoa, kama ana mtoto, kama amewahi kutiwa hatiani na kama amejichora mwilini. Akionekana anafaa kwa kazi ya polisi, hupelekwa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, kwenye Shule ya Polisi. Huingia raia, hutoka konstebo, na muda ulio katikati huhesabiwa kwa miezi, wala si kwa miaka. Siku anapokula kiapo hupata mamlaka ambayo mwalimu aliyemfundisha kusoma hana, mganga aliyemtibu hana, na mhariri wa gazeti hana: aweza kumkamata mwananchi mwenzake barabarani pasipo kumwuliza hakimu kwanza.

Twaona yafaa leo tuizungumze miezi hiyo. Maneno ya watu juu ya polisi aghalabu huanzia kituoni na kuishia kituoni. Fulani aliombwa fedha. Fulani alisaidiwa usiku wa manane na askari asiyemjua. Fulani alilala mahabusu siku tatu kwa deni la duka. Wachache huuliza askari yule alilelewaje kabla hatujakutana naye.

Kuruta, kama aitwavyo, huamka kungali giza. Filimbi ikilia hana nafasi ya kujinyoosha. Kitanda hutandikwa hata shuka lisionyeshe kikunjo, buti hung'arishwa, kisha vijana hutoka mchakamchaka wakiimba katika baridi ya mlima, wa Mtwara bega kwa bega na wa Kagera, wa Mara na wa Kigoma. Baada ya usafi na ukaguzi huja kwata. Mguu pande, mguu sawa, nyuma geuka, na tena, na tena, hata jua likiwa utosini. Anayekosea hatua huirudia, na mara nyingi wenzake huirudia pamoja naye ingawa wao hawakukosea. Usiku kuna lindo, na pengine kijana husimama peke yake kulinda ghala ambalo hakuna mwizi angelitamani, ili ajifunze kukesha tu. Kila anachoambiwa hukijibu kwa neno moja: afande. (Neno lenyewe ni la Waturuki, lilipita Misri na Sudani, likatufikia pamoja na askari wa zamani, nasi tumelifanya letu.)

Wako watu, hasa waliosoma sana, wanaoicheka kwata. Wanauliza kugeuka nyuma kwa kishindo kunamsaidia nini aliyeibiwa ng'ombe. Sisi hatuwaungi mkono. Julai 2015 kituo cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa usiku, askari wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Aprili 2017, katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, askari polisi 8 waliviziwa wakiwa garini, wakauawa. Mtu atakayetumwa kwenda mahali ambapo wengine wanapakimbia hana budi awe amezoea kutii kabla hofu haijamfikia, na mazoea hayo hayaletwi na hotuba. Huletwa na kurudia jambo lile lile asubuhi na jioni hata mwili ulijue kuliko akili. Mkufunzi anayempigia kelele kuruta uwanjani pengine anamwokoa roho yake miaka kumi mbele.

Lakini hapo ndipo swali letu linapozaliwa. Ikiwa twakubali kuwa jambo humwingia mtu mwilini kwa kurudiwa, basi yatupasa kuuliza ni jambo gani linalorudiwa zaidi, na ni lipi linaloandikwa katika daftari likafungiwa humo. Hatusemi kuruta hafundishwi sheria. Anafundishwa Kanuni ya Adhabu, mwenendo wa makosa ya jinai, ushahidi, upelelezi, usalama barabarani, huduma ya kwanza na haki za binadamu. Twasema kwamba sheria nayo inataka kwata yake.

Hebu tuifungue Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, iliyotungwa mwaka 1985. Inamwambia konstebo kuwa anayemkamata mtu amweleze sababu. Mtu akiisha kushikwa, muda wa kawaida wa kumhoji ni saa 4, nao ukiongezwa na mkuu wa upelelezi wa shauri lile usizidi saa 8 nyingine; zaidi ya hapo ni kazi ya mahakama. Aliyekamatwa bila hati, kama haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo huchunguza shauri lake, na kosa lisipokuwa kubwa humwachia kwa dhamana. Mshikwa ana haki ya kuwasiliana na wakili, au ndugu, au rafiki. Mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa staha. Na kila aliye chini ya ulinzi atendewe kwa utu. Juu ya sheria hiyo ipo Katiba, ambayo tangu mabadiliko ya mwaka 1984 inakataza mtu kuteswa, na kukataza kumfanya mshtakiwa kuwa mkosaji kabla hajathibitishwa.

Maneno hayo yakisomwa darasani, kila kuruta atatikisa kichwa kukubali, na kwenye mtihani atayaandika vizuri. Tumwendee sasa akiwa kauntani, saa nane ya usiku, miezi michache baada ya kuvaa sare. Mlangoni anaingia mama mwenye uso uliovimba, anaomba fomu ya PF3 apate kutibiwa, na aliyempiga ni mumewe. Mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi anasema mambo ya nyumbani yakamalizwe nyumbani. Nyuma ya mama yule anaingia mfanyabiashara wa mtaani, anayejuana na wakubwa wa kituo, akimburuta kijana wa miaka kumi na saba kwa madai ya simu iliyoibwa. Hataki kuandika maelezo; anataka kijana alale ndani mpaka "aseme". Simu ya mkuu wa kituo haipatikani.

Hapa hakuna sauti ya mkufunzi ya kumwambia ageuke kulia au kushoto. Kumtii aliyemzidi cheo hakumsaidii, kwa kuwa hayupo. Usahihi wa buti zake haumsaidii. Kinachotakiwa ni kwamba mkono wake uiendee PF3 na kuijaza kabla mzee wa benchi hajamaliza sentensi, na kinywa chake kimwambie mfanyabiashara, kwa adabu, kuwa bila maelezo hakuna jalada na kwamba mzazi wa kijana ataitwa sasa hivi. Askari aliyeirudia hali hii mara hamsini Moshi, mkufunzi akijifanya tajiri mwenye ukali na mwingine akijifanya mama aliyepigwa, ataifanya usiku ule hata akiwa na usingizi. Aliyeisoma mara moja atafanya lile lililo rahisi, nalo tunalijua sote.

Kwa nini basi kwata ya uwanjani ilipata nafasi ya kwanza? Sababu ni ya zamani. Mwingereza alikuwa na polisi wa aina mbili. Ile ya London, iliyoanzishwa na Robert Peel mwaka 1829, ilitembea bila bunduki, kwa kuwa ilitakiwa ikubaliwe na wenye mji. Ile ya Ireland ilikuwa na silaha na kuishi kambini, kwa kuwa kazi yake kubwa ilikuwa kuilinda serikali dhidi ya wenye nchi. Makoloni, kwa jumla, yalipewa sura ya pili, na tangu mwaka 1907 maofisa wa polisi waliokuwa wakielekea makoloni walipelekwa Dublin kujifunza kazi kwa Wairishi. Polisi ya Tanganyika ilitangazwa katika Gazeti la Serikali Agosti 1919, makao yake yakiwa Lushoto, na mwaka 1930 makao hayo yakahamia Dar es Salaam. Ile polisi ya Ireland ilivunjwa mwaka 1922, lakini kawaida zake ziliendelea kutembea huku kwetu: kambi, silaha, na yale makazi yanayoitwa hadi leo "laini za polisi", ambamo askari na familia yake huishi kando ya watu anaowalinda.

Uhuru ulibadili mengi. Mwaka 1964 Bwana Elangwa Shaidi alikuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Jeshi la Polisi, na aliyekuwa akilindwa na aliyekuwa akitishwa wakawa watu wa taifa moja. Lakini shule hairithiwi majengo peke yake. Hurithiwa na ratiba. Mtu akibadili bendera mlangoni na kuacha mgawanyo wa saa kama ulivyokuwa, kijana atakayetoka humo atakuwa na mengi ya yule wa jana.

Hasara yake tumeiona kwa macho, na sisi wa kalamu tumeionja. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini waliotoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi, waliuawa Dar es Salaam mikononi mwa polisi. Taifa liliambiwa kwanza kuwa ni majambazi. Uchunguzi ukaonyesha hawakuwa. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, Wilaya ya Mufindi, mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu kabisa na mwili wake, polisi walipokuwa wakiwatawanya watu katika shughuli ya chama cha siasa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimhukumu konstebo mmoja kijana kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Tumeifikiri hukumu ile mara nyingi. Mwangosi hatarudi, na aliyemwua alistahili kujibu mbele ya sheria. Lakini alikuwa konstebo, cheo cha chini kabisa, kijana aliyetoka shuleni si zamani, amezungukwa na wakubwa wake mchana kweupe. Aliyemfundisha kufyatua silaha ile alimfundisha pia siku ya kuiacha chini? Alipata kurudia, uwanjani, zoezi la kumwona mtu mmoja asiye na silaha mikononi mwa askari wengi na kusimama bila kufanya neno? Kufyatua kuna amri yake na kuna alama zake. Kujizuia nako kupewe alama.

Tume ya Rais ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi taarifa yake Julai 2023. Kati ya mapendekezo yake lilikuwamo la kulibadili Jeshi la Polisi liwe Huduma ya Polisi. Wengine walilipokea kwa shangwe, wengine walinung'unika kuwa polisi asiyeitwa jeshi hataogopwa. Sisi twaliunga mkono pendekezo lile, ila hatutaki watu wadhani kazi imekwisha kwa kupaka rangi mpya kwenye magari. Majirani zetu wa Kenya walibadili jina kwa Katiba yao ya mwaka 2010, na Katiba hiyo hiyo ikaagiza polisi wafundishwe kuheshimu haki za binadamu. Hata hivyo Juni 2024 vijana waliokuwa wakiandamana waliuawa kwa risasi za polisi mjini Nairobi. Hapa kwetu pia tulianza Polisi Jamii mwaka 2006, mpango mwema ambao umezaa matunda pale askari wa kata anapowajua watu wake kwa majina. Pale asipowajua, umebaki kuwa bango ukutani.

Liko jambo jingine ambalo shule ya Moshi haiwezi kulitengeneza peke yake. Kuruta akihitimu, wazazi wakamshangilia kwenye gwaride huku bendi ikipiga, hupangiwa kituo. Siku ya kwanza hukutana na askari mkongwe anayemwambia: yale ya shule yaache shuleni, hapa ni kazini. Mkongwe huyo si lazima awe mtu mbaya. Pengine ana watoto wanne katika chumba kimoja cha laini, mshahara umekwisha tarehe kumi na tano, na gari la doria halina mafuta mpaka mlalamikaji ayanunue. Lakini yeye ndiye mwalimu wa pili wa kijana wetu, na masomo yake hayana mtaala wala mkaguzi. Tumesikia wengi wakisema askari wapya huharibika. Hatujasikia wengi wakiuliza walikabidhiwa kwa nani.

Twapendekeza basi kwamba konstebo mpya asihesabiwe kuwa amemaliza mafunzo siku ya gwaride. Mwaka wake wa kwanza kituoni uwe sehemu ya shule. Apewe mlezi aliyechaguliwa kwa mwenendo wake, wala si kwa wingi wa miaka yake kazini. Maelezo ya kwanza atakayoyaandika yasomwe na mwendesha mashtaka, arudishiwe na kuambiwa makosa yake. Mkuu wa kituo aandike taarifa juu yake, na taarifa ile ifike Moshi, ili wakufunzi wajue kazi ya mikono yao ilifikia wapi. Na safari nyingine kiongozi atakapoalikwa kukagua gwaride la kuhitimu, akiisha kupita mbele ya safu na kuzisifu hatua, aombe aletewe meza, daftari na fomu ya PF3, amwite kuruta yeyote kutoka safu ya nyuma, aketi mbele yake na kumwambia: mimi ni mwananchi, nimepigwa, nisaidie.