Plagi: Shahidi wa Yaliyomo Ndani ya Injini

Injini ya petroli haiwezi kufumuliwa kila inaposumbua ili kutazama yanayotendeka ndani yake. Hata hivyo, ipo sehemu moja ndogo ambayo huishi ndani ya moto wa injini na bado huweza kutolewa kwa spana katika dakika chache. Sehemu hiyo ni plagi. Anayejua kuisoma huuona ugonjwa wa injini kabla ya kununua kipuri chochote.

Huko Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita, elimu hii ina manufaa makubwa. Pikipiki hubeba abiria na mizigo katika barabara za vumbi, na katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga wachimbaji wadogo hutumia pampu za petroli kuvuta maji. Injini za dizeli hazimo katika habari hii, kwa kuwa mafuta yake huwashwa na joto la hewa iliyoshindiliwa, si kwa cheche.

Jinsi Plagi Inavyofanya Kazi

Plagi ina ncha mbili za chuma zilizotengwa na uwazi mdogo, ambao katika pikipiki nyingi haufiki milimita 1. Umeme wenye nguvu ya maelfu ya volti huruka uwazi huo na kutoa cheche. Ncha ya katikati imezungukwa na kauri nyeupe, ambayo ni kihami: hairuhusu umeme kupenya.

Ili plagi ifanye kazi ipasavyo, ncha yake huhitaji joto la kati ya nyuzi 500 na 850 hivi za Selsiasi. Joto likipungua, masizi hayaungui bali hujikusanya. Likizidi, ncha yenyewe huwa kaa la moto na kuwasha mafuta kabla ya wakati.

Rangi na Maana Zake

Kahawia hafifu au kijivu: injini ni nzima. Petroli na hewa vimechanganyika kwa kadiri inayotakiwa, yaani karibu kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli.

Masizi meusi makavu: petroli ni nyingi kuliko hewa. Huenda choki imebaki imefungwa, kabureta haikurekebishwa vema, au kichujio cha hewa kimezibwa na vumbi. Masizi ni kaboni, nayo hupitisha umeme. Yakitanda juu ya kauri, umeme hupita humo badala ya kuruka uwazi, na injini hukosa cheche.

Weusi wenye unyevu wa oili: oili imepenya hadi mahali pa mwako. Katika injini ya mipigo minne, sababu kubwa ni kulika kwa ringi za pistoni au kuchakaa kwa sili za valvu. Plagi mpya haitaponya ugonjwa huu. Nayo italowa baada ya siku chache.

Nyeupe kama chokaa, pengine yenye malengelenge: joto limezidi. Yawezekana hewa inavuja na kuingia baina ya kabureta na injini, au plagi si ya aina inayostahili. Injini ikiendelea kutumiwa hivyo, pistoni yaweza kutoboka.

Vumbi la njiani laweza kuleta dalili mbili zilizo tofauti. Likiziba kichujio, plagi hupata masizi makavu. Mwendeshaji akikiondoa kichujio ili injini ipumue, vumbi hilo husaga ringi, na baadaye plagi hulowa oili.

Mwinuko wa nchi nao una sehemu yake. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ile ya pwani kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi. Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam itatoa mchanganyiko wenye petroli nyingi kidogo ikifika Kharumwa.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba rangi nyingi zilizoelezwa katika vitabu vya zamani zilitokana na petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwaka 2006. Plagi za siku hizi huwa na rangi iliyofifia zaidi.

Masizi na Uhai wa Binadamu

Masizi ni ushahidi kwamba oksijeni haikutosha. Hapo sehemu ya kaboni hugeuka kuwa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Pampu yenye plagi nyeusi, basi, si hasara ya petroli tu. Lakini hata injini yenye plagi safi hutoa gesi hiyo. Kwa hiyo injini ya petroli isishushwe kamwe shimoni, wala isiwashwe mahali ambapo moshi wake waweza kuingia humo.

Namna ya Kuchunguza

Injini iendeshwe kwanza ikiwa na mzigo, kisha izimwe na kuachwa ipoe. Injini iliyonguruma muda mrefu bila mzigo huipaka plagi weusi hata kama haina kasoro. Vumbi lililoizunguka plagi lifutwe kabla ya kuifungua, lisije likaangukia ndani. Plagi isisafishwe kabla ya kutazamwa, kwani kufanya hivyo ni kufuta ushahidi.

Maswali kwa Wanafunzi

1. Kwa nini masizi huzuia cheche, hali kauri safi haizuii?
2. Pikipiki ya Kharumwa ikipelekwa Dar es Salaam bila kurekebishwa, plagi yake itaelekea rangi gani?
3. Fundi amebadilisha plagi mara tatu kwa mwezi, na kila mara imelowa oili. Achunguze nini?