Mfuko wa Mgongoni Umfaao Mwenda Porini

Mtu ashikaye njia ya Bonde la Lambwe, katika Kaunti ya Homa Bay, hufika katika nchi ya majani marefu, migunga, na udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hunata miguuni kama ulimbo. Zamani watu waliwinda humo. Mwaka 1966 sehemu ya bonde ilifanywa hifadhi ya wanyama. Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji nchini kote. Na mwaka 1983 hifadhi hiyo ikawa Mbuga ya Taifa ya Ruma. Ng'ambo ya mpaka wa Migori, katika Tanzania, uwindaji wa kibali ungaliko. Katika Ruma waendao kwa miguu ni askari wa wanyama na wataalamu wamwangaliao korongo, yule swala mkubwa ambaye kwa Kenya nzima amebaki hapo tu. Bunduki ya mwindaji imeondoka, lakini shida yake haikuondoka: maji, chakula na vyombo vya siku nzima vichukuliwe namna gani?

Jawabu la kwanza lilikuwa kichwa. Katika safari kubwa za uwindaji kabla ya Vita vya 1914, mpagazi alijitwika mzigo wa karibu ratili 60, na wawindaji wageni walitembea mikono mitupu. Jawabu hilo si la kudharauliwa. Mwaka 1986 wataalamu walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu waliokuwa wakitembea na mizigo. Ilionekana kwamba waliweza kuchukua mzigo uliofikia sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu asiye na kitu. Yaani mama mwenye kilo 60 huchukua kilo 12 kana kwamba hakuchukua chochote. Hapana mfuko wa dukani uliokwisha kufanya hivyo.

Lakini mwenye kunyatia mnyama hawezi kwenda wima kama aendaye sokoni. Hana budi kuinama chini ya miiba, kutambaa, kusimama ghafula na kuinua darubini. Kwa ajili hiyo mzigo wake ni lazima ukae mgongoni, na hapo ndipo majaribio ya miaka mingi yalipoanza.

Mifuko ya kale ilining'inia mabegani kama gunia, ikimvuta mtu nyuma na kumpigapiga kiunoni. Husimuliwa kwamba mwaka 1908 Ole Bergan, mtu wa Norwe, alichoshwa na mfuko wa namna hiyo alipokuwa akiwinda. Akakata tawi la mti, akalipinda lifuate umbo la mgongo wake, akaufunga mfuko juu yake. Mwaka uliofuata aliusajili uvumbuzi huo, na askari wa Uingereza hata leo huuita mfuko wao mkubwa "bergen". Mwaka 1952 Dick Kelty wa California alianza kuuza mifuko yenye fremu ya alumini, kisha mkanda wa kiunoni ukatiliwa mkazo. Mkanda huo ndio jambo kubwa kuliko yote. Ukikazwa juu ya mifupa ya nyonga, uzito hushuka miguuni, na mabega hubaki na kazi ya kuuzuia mfuko usiyumbe tu.

Basi anunuaye mfuko na asiujaribu mtupu. Autie vitu vya uzito ule atakaouchukua, vile vizito vikiwa karibu na uti wa mgongo, kisha atembee, ainame, apande kilima. Mfuko mrefu kuliko kiwiliwili chake hautamfaa hata ukiwa wa bei kubwa. Tena mkubwa mno hujazwa upuuzi.

Katika Lambwe liko jambo jingine ambalo wauzaji wa mijini hawalisemi, nalo ni rangi. Bonde hili ni makao ya mbung'o, na katika miaka ya 1980 ugonjwa wa malale ulizuka humo. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeushinda ugonjwa huo usiwe tena tishio kwa afya ya umma. Lakini mbung'o angali akiuma watu, na mifugo angali akiidhuru. Mdudu huyu huvutwa na rangi ya buluu tangu mbali, na hupenda kutua penye weusi. Ndiyo sababu mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Mtu aingiaye Ruma na mfuko mzuri wa buluu wenye mikanda myeusi amejivika mtego mgongoni, ila mtego huo hauui. Rangi ya majani makavu au ya udongo mwekundu ni bora, na mwenye mfuko wa buluu aweza kuufunika kwa gunia la katani lililokatwa vizuri, mradi afunike na mikanda pia.