Ubinafsi si uchoyo

Kiswahili kimetuponza kwa neno moja. Falsafa ya Magharibi ya uliberali, inayomtanguliza mtu mmoja mmoja mbele ya kundi, tunaiita ubinafsi, na tangu enzi za Ujamaa ubinafsi ni tusi: mbinafsi ni yule anayekula amejifungia mlango. Msomaji anauhukumu uliberali kabla hajausikiliza. Wenyewe unauliza jambo jingine kabisa: dola ina ruhusa gani ya kumshika mtu mkono na kuondoka naye?

Tarehe 28 Julai 2018, Peter Biar Ajak, mchumi na mwanaharakati, alikuwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba, Sudan Kusini, safari yake ikiwa ya Aweil. Maofisa wa Usalama wa Taifa wakamkamata hapo uwanjani, wakampeleka makao yao makuu. Katiba ya Mpito ya nchi hiyo ya 2011 inadai mtu aliyekamatwa na polisi, asipopewa dhamana, apelekwe mahakamani ndani ya saa 24. (Polisi, inasema; waliomkamata hawakuwa polisi.) Alikaa miezi bila shtaka. Juni 2019 alihukumiwa miaka 2 kwa kuvuruga amani, kisa mahojiano aliyoyafanya na chombo cha habari cha nje akiwa kizuizini. Januari 2020 Rais Salva Kiir akamsamehe.

Nyuma ya saa hizo 24 yupo mwanafalsafa Mwingereza John Locke. Kwake yeye mtu huzaliwa na haki zake, serikali ikaja baadaye kuzilinda, mithili ya mlinzi wa getini. Mlinzi akimfungia mwenye nyumba chumbani, ajira imekwisha. Locke aliyajua ya kukimbia dola: alitorokea Uholanzi 1683, akarudi 1689, na mwaka huohuo kitabu chake juu ya serikali kikatoka bila jina la mwandishi. Alikiri ni chake katika wosia tu.

Wakosoaji husema mtu wa Locke hana ukoo, na hapo wana hoja. Sheria ya Uraia ya Sudan Kusini ya 2011 hukutazama kupitia wazazi, babu au mababu zako, au kabila la asili unalotoka. Kabla hujasimama peke yako dirishani na pasipoti, ukoo umekwisha kukutolea ushahidi. Lakini ndugu hao hao, kijana wao akipotelea kizuizini, huenda getini kuuliza yuko wapi, kosa lake nini, nani kaamuru. Ukoo mzima unadai haki ya mtu mmoja, na Locke asingeongeza swali la nne.

Haki hiyo wala haimngoji mtu awe mwema. Machi 2024 Ajak huyohuyo alikamatwa Marekani, akituhumiwa kula njama ya kununua silaha na kuzisafirisha Sudan Kusini kinyume cha sheria. Akafikishwa mbele ya hakimu, na mashtaka yakawekwa wazi yeyote ayasome.

Juba nako, bunge liliirekebisha Sheria ya Usalama wa Taifa mwaka huohuo, likabakisha mamlaka ya kukamata bila hati wakati wa dharura. Rais hakuitia saini wala kuirudisha. Agosti muda wa kufanya hivyo ukapita, ikawa sheria.